Viti Vinne Uchochoroni

Mama Pasi alijua kwamba dunia ina matatizo kwa kuangalia kola. Redio hakuwa nayo. Ile ya zamani ilinyamaza siku betri zilipoisha, na betri nyingine hazikununuliwa. Lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwapigia watu pasi kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na shati la mtu halina siri. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akileta mashati matano kila Jumapili, alianza kuleta matatu, kisha mawili. Alieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba siku hizi shati moja analivaa siku mbili, na siku ya pili anavaa sweta juu yake. Ulikuwa msimu wa joto. Karani wa posta aliacha kuleta suruali akawa analeta mashati tu, kwa sababu nyuma ya kaunta suruali haionekani. Muuguzi wa zahanati aliomba awe anapigiwa pasi upande wa mbele peke yake, kwa nusu bei. Mama Pasi alimpigia, ingawa mkono ulimuuma kuuacha mgongo na makunyanzi yake kama uso wa mtu aliyelala akilia.

Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kifuniko. Jogoo alikuwa amekatika kichwa tangu enzi za marehemu mama yake, na alifanya kazi hivyo hivyo.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyemweleza chanzo cha mambo, siku moja akisubiri shati lake. Serikali, alisema, ilikuwa ikilipia sehemu ya bei ya mafuta kwa kila mtu, mwenye magari matatu na mwenye kibatari. Sasa mwenye magari matatu anatumia mafuta mengi, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akisaidiwa zaidi. Huko duniani mafuta yakapanda, hazina ikabaki haina kitu, na wakubwa wakaamua kuuondoa ule msaada wa wote. Badala yake zitatolewa fedha kwa wenye shida peke yao. Mama Pasi aliliona jambo hilo ni la haki. Alikubaliana nalo kabisa mpaka alipokwenda kununua mkaa.

Mkaa huja mjini kwa lori, na lori halinywi maji. Kopo aliloliacha kwa bei moja mwezi uliopita alilikuta kwa karibu mara mbili yake. Akapandisha bei ya shati, kidogo tu, na ndipo watu wakagundua sweta.

Mteja mmoja hakupunguza nguo hata moja. Huyo alikuwa jirani wa mlango wa kutazamana, ng'ambo ya uchochoro. Mumewe alikuwa na lori la kubebea mchanga. Mafuta yalipopanda, mume naye alipandisha bei ya mchanga, kisha akaongeza tena kidogo ili asije akapata hasara, na wenye kujenga maghorofa wakalipa. Mashati yake yalikuwa manane kwa wiki. Sasa yalifika kumi na moja. Mama Pasi aliyapiga yote, na aliyashukuru, na wakati mwingine alipofika kwenye shati la tisa alijikuta anaishika pasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jirani huyo mtaa ulimwita Mama Makochi, kwa sababu alikuwa na seti kamili: makochi matatu, viti vinne vya mto vyenye miguu ya kuchongwa, na meza ya kioo. Hakuwa mchoyo. Pakitokea posa, msiba au mgeni wa mbali, vitu vyake vilitembea nyumba hadi nyumba, na kila mara vilirudi na doa jipya. Aliyajua madoa yote kwa majina ya walioyaweka, na hakuwahi kumtaja mtu mbele za watu.

Nyumbani kwa Mama Pasi walikuwa wamebaki watatu. Mume alikuwa fundi wa kujenga. Alikuwa akijenga ofisi moja ya serikali, serikali ikaacha kumlipa mkandarasi, mkandarasi akaacha kumlipa fundi, na fundi akaenda kutafuta kazi mbali. Alipopata alituma. Mama mkwe, ambaye watoto walimwita Bibi na sasa mtaa mzima ulimwita hivyo, alikuwa na umri ambao hapendi kuulizwa. Na kulikuwa na binti wa pili, aliyefika kidato cha mwisho.

Binti wa kwanza hakufika. Yeye aliishia njiani mwaka ada ya mtihani ilipokosekana, akaolewa mwaka uliofuata, na Mama Pasi hakulizungumzia hilo na mtu yeyote. Alilifikiria tu kila siku kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, wakati mkaa unashika moto. Sasa ada ya mtihani ya huyu wa pili ilitakiwa ifike shuleni kabla ya tarehe ishirini ya mwezi wa tisa. Isipofika, jina lake halipelekwi. Mwalimu mkuu aliwaambia wazazi hivyo kwa upole mkubwa, jinsi daktari anavyozungumza akiwa na majibu mabaya.

Kwa hiyo zile fedha za wenye shida zilikuwa ndizo ada. Mama Pasi hakuwa na hesabu nyingine.

Mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti siku ya Jumanne. Alitangaza kwamba Alhamisi watapita wageni kutoka wizarani kuandikisha kaya zote, na kila kaya iwepo nyumbani. Hakusema wanakuja kutazama nini. Pengine naye hakuambiwa.

Hapo hapakuwa na la kufikiri. Mgeni anakuja, nyumba inaandaliwa. Mama Pasi alilelewa hivyo, na Bibi alilelewa hivyo mara mbili zaidi. Walisugua sakafu kwa mchanga na sabuni. Walipaka chokaa ukuta wa mbele, mpaka pale mkono wa binti ulipofika. Pesa ya mkaa wa wiki ilinunua sukari, maziwa na majani ya chai. Ilipofika zamu ya viti, Bibi akasema kwamba watu wa wizara hawawezi kukalishwa juu ya ndoo, na Mama Pasi akavuka uchochoro.

"Chukua vyote," Mama Makochi alimwambia. "Makochi yenyewe yako kwa fundi, yanabadilishwa kitambaa. Chukua na meza. Chukua na pazia hilo, lako lina tundu."

"Na wewe wageni watakaa wapi?"

"Mimi nina mkeka. Hao ni wageni wa kusimama mlangoni tu, mwenzangu. Wakae wafanye nini?"

Wageni walikuwa wawili: mwenyekiti mwenyewe, ambaye hakuwa mgeni, na afisa, msichana mwembamba wa miwani aliyebeba kishikwambi kifuani kama mtoto. Walikaa. Walimiminiwa chai yenye maziwa. Afisa aliuliza maswali, na kila jibu alilibonyeza kwa kidole. Viti vya mto vingapi? Vinne, vinaonekana. Meza ya kioo? Ndiyo hiyo yenye chai. Pazia? Lipo. Mama Pasi alijibu kwa sauti ya chini, kama mwenye nyumba asiyependa kujisifu. Mgeni akisifia kikombe, humwambii kwamba kikombe ni cha kuazima. Ni sawa na kumwambia amesumbua.

Afisa akauliza kwa siku wanakula milo mingapi. Mama Pasi alifungua mdomo, na Bibi akamtangulia.

"Mitatu," Bibi akasema. "Na saa kumi tunakunywa chai."

Siku hiyo hawakuwa wamekula kitu. Lakini Bibi hajawahi kumwambia mtu baki habari za njaa ya nyumba yake, na hakuona kwa nini aanze na mtoto wa watu mwenye safari.

Afisa alimaliza, akakunja kifuniko cha kishikwambi na kutabasamu. "Hongera, mama," akasema. "Hali yenu si mbaya."

Mama Pasi aliichukua kuwa sifa. Akashukuru, akawasindikiza mpaka mlangoni, na hapo akamwona Mama Makochi akiwakaribisha kwake, kwenye mkeka.

Yaliyotokea kule aliyapata baadaye. Mama Makochi alijibu kila alichoulizwa, na hakudanganya. Makochi yapo? Kwa sasa hayapo. Viti? Vimetoka. Meza? Nayo imetoka. Pazia? Hakuna, kama unavyoona. Umeme ulikuwa umekatika toka alfajiri, friji lilikuwa kimya chini ya kitambaa cha kufuma, juu yake kuna maua ya plastiki, na afisa aliliandika kuwa kabati. Mama Makochi alitaka kusahihisha, lakini swali lilikuwa limekwishapita.

Zilipita wiki tano. Mama Pasi alipunguza mkaa, akawa anapasha pasi mara moja na kukimbizana nayo kabla haijapoa: kola kwanza, kisha kifua, kisha mikono, na mgongo upate kinachobaki. Ndipo orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Aliisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akairudia kutoka chini hadi juu, kwa kuwa mashine ni za kisasa na huenda zinaanza popote. Jina lake halikuwepo. Namba kumi na nne ilikuwa Mama Makochi.

Alimkuta mwenyekiti ndani, anapanga mihuri.

"Mashine ndiyo iliyopiga hesabu, si mimi," mwenyekiti alisema. Akatafuta karatasi. "Inasema una viti vinne vya mto, meza ya kioo, pazia, milo mitatu, na chai ya saa kumi."

"Viti ni vya jirani."

"Vilifuata nini kwako?"

"Kulikuwa na wageni."

"Wageni gani?"

"Nyinyi."

Mwenyekiti aliikunja ile karatasi. Siku ile alikunywa vikombe viwili, na alikumbuka kwamba chai ilikuwa nzuri. Akamweleza kwamba kuna fomu ya malalamiko, kwamba watu wengi wameijaza, na kwamba kwa ajili hiyo afisa atarudi Jumatatu ya wiki ijayo kupita tena nyumba zote za uchochoro, waliomo kwenye orodha na wasiokuwemo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyetoa ushauri, kwamba siku hiyo si lazima mtu ajisumbue kupika chai.

Jioni ile Mama Makochi alivuka uchochoro na mashati yake kumi na moja. Habari ya namba kumi na nne alikuwa nayo, na ilimtia haya kidogo. Hakuomba, alisema, lakini riziki hairudishwi mlangoni. Akauliza habari za ada, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Ikishindikana kabisa, mlete binti kwangu," akasema. "Asikae bure. Atanisaidia kazi za ndani, atakula, atalala. Nitamlipa kwa hiyo hiyo pesa ya serikali."

Binti alikuwa amekaa kizingitini na daftari. Hakuinua kichwa. Mama Pasi alimshukuru jirani, kwa sababu jambo limesemwa kwa wema, na jambo lililosemwa kwa wema hushukuriwa. Usiku ule usingizi haukumjia, na asubuhi yake mkaa uliposhika moto aliwafikiria mabinti wawili badala ya mmoja.

Kufikia Jumatatu uchochoro mzima ulikuwa umeelimika. Tangu mapambazuko vitu vilianza kuhama. Magodoro yalipitishwa madirishani. Fundi viatu alipeleka televisheni yake kwa dada yake mtaa wa pili, akakutana njiani na televisheni ya shemeji wa dada yake inayokuja huku, maana kule walikuwa wakikaguliwa Jumanne. Mwenye duka la kona aliteremsha vitu vyote rafuni, akakaa katikati ya rafu tupu na kuwaambia wateja warudi saa tisa. Mzee mmoja, ambaye hakuwa na kitu cha kuhamisha, aling'oa mlango wake, asionekane mzembe.

Kwa Mama Pasi kazi ilikuwa nyepesi. Pazia lake lenye tundu lilirudishwa dirishani. Ndoo tatu zilipinduliwa kuwa viti, kama zilivyokuwa siku zote. Alimketisha Bibi akamweleza taratibu kwamba safari hii ukweli ndio unaotakiwa, wote, hata ule wa jikoni. Bibi alisikiliza akasema amesikia. Hakusema amekubali.

Saa nne kasoro Mama Makochi akatokea mlangoni mwake, anavuta kiti. Makochi yalikuwa yamesharudi kutoka kwa fundi, na kitambaa chekundu, na asubuhi ile yalirudishwa tena kwa fundi na ujumbe kwamba asiharakishe. Friji lilikuwa limelazwa kitandani chini ya blanketi, na ndugu zake waliambiwa waseme ni mgonjwa. Lakini mkokoteni uliobeba makochi ulijaa, na viti vinne na meza vilibaki. Alivitoa kimoja kimoja hadi katikati ya uchochoro, akasimama akihema.

"Jirani," akasema, "nishikie hivi mpaka wapite."

Mama Pasi alivitazama. Aliijua miguu yake ya kuchongwa. Aliwahi kuifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

"Leo haiwezekani, mwenzangu."

"Kwa nini isiwezekane? Ulipokuwa na haja nilikuuliza swali? Nilikupa mpaka pazia."

"Ulinipa. Nakumbuka."

"Basi fungua mlango."

"Chumba hakina nafasi."

Mama Makochi alichungulia ndani juu ya bega lake. Aliona kuta nne, ndoo tatu, na Bibi. "Chumba hakina kitu, unaniambia hakina nafasi?"

"Ndicho ninachokitunza leo," Mama Pasi alisema. "Chumba kisicho na kitu."

Hapakuwa na ukali katika sauti yake. Mikono alikuwa ameificha chini ya kanga. Alijua anamnyima mtu ambaye hakuwahi kumnyima. Alijua mashati kumi na moja kwa wiki ni zaidi ya nusu ya mkaa wake. Nyuma yake alisikia binti anafunga daftari, pole pole. Angeweza kusogea hatua moja pembeni na ujirani wa miaka tisa ungebaki salama. Hakusogea.

"Haya," Mama Makochi alisema. "Mtu humjui mpaka siku ya kiti."

Aliinama aanze kuvirudisha kwake, na wakati huo huo mwenyekiti na afisa wakatokea kwenye kona.

Wote walisimama. Viti vinne na meza ya kioo vilikuwa katikati ya uchochoro, sawasawa kati ya milango miwili, kama vile baraza la wazee linasubiriwa. Afisa alivitazama, akafungua kishikwambi.

"Viti hivi ni vya nani?"

Mama Makochi alikuwa ameshika egemeo la kimoja. Akaliachia. "Vyangu hapana," akasema. "Mimi nilikuwa napita."

Afisa akamgeukia Mama Pasi. "Vyako, mama? Naona mara ya kwanza nilivihesabu kwako."

"Si vyangu."

"Basi vya nani?"

Mwenyekiti alitazama juu, kwenye nyaya za umeme. Alikuwa amevikalia viti hivyo kwenye posa mbili na msiba mmoja. Naye ni mtu wa kuchaguliwa, na uchaguzi haukuwa mbali.

Bibi alikuwa ametoka. Alikuja akiburuza kandambili hadi katikati ya uchochoro, akakipima kiti cha kwanza kwa kiganja, akakaa, akanyoosha miguu.

"Kiti kisicho na mwenyewe hukaliwa na aliyechoka," akasema. "Uliza maswali yako, mjukuu wangu, nimeshakaa."

Afisa alitafuta kwenye kishikwambi sehemu ya kuandika vitu vya uchochoroni. Kulikuwa na sehemu ya ndani, sehemu ya uani, na sehemu ya mifugo. Alitafuta mara mbili, kisha akabonyeza kuendelea.

Kwa Mama Pasi alikaa juu ya ndoo. Hakukuwa na chai. Jasho lilimtiririka shingoni, na Mama Pasi alikaa amekalia viganja vyake ili visije vikaenda vyenyewe kwenye birika. Alimletea maji tu, kwenye kikombe cha bati, na alipoyaweka chini aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku alipodaiwa kodi mbele za watu. Viti, sifuri. Meza, sifuri. Pazia, afisa aliona tundu akaandika alichoandika.

"Milo kwa siku?"

Mama Pasi aligeukia mlangoni. Hili lilikuwa la mkubwa wa nyumba. Bibi alikuwa amerudi ndani, ameegemea mlango. Alichukua ncha ya kanga akajifunika nusu ya uso, upande ulioelekea kwa mgeni.

"Andika mmoja," akasema. "Ile mingine ni maneno tu."

Afisa aliandika. Mara ya kwanza alibonyeza haraka. Safari hii kidole kilikaa hewani kwanza. Hakusema hongera.

Kwa Mama Makochi alikuta ukuta, mkeka, na mgonjwa aliyelala kimya. Viti, sifuri, kama kumbukumbu zilivyokuwa tangu mwanzo.

Orodha mpya ilitoka tarehe tisa. Mama Pasi alikuwa wa sitini na moja. Mama Makochi alibaki palepale, wa kumi na nne. Tarehe kumi na saba fedha ziliingia kwenye simu. Yakakatwa makato ya kutolea, na juu ya makato ikakatwa kodi ya makato, na kilichobaki kililipa ada ya mtihani kamili na makopo mawili ya mkaa. Binti mwenyewe ndiye aliyeipeleka shuleni. Alirudi na risiti ameishika kwa mikono miwili, na Mama Pasi akaipiga pasi, kwa joto dogo, maana ilikunjika njiani.

Fedha za Mama Makochi ziliingia siku hiyo hiyo, kiasi kile kile. Yeye alinunua pasi ya umeme.

Hakugomba wala hakununa. Alisalimia kila asubuhi kama kawaida, na mashati hayakuvuka tena uchochoro. Hesabu ya Mama Pasi ilikuwa rahisi: serikali ilimpa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, bila kukusudia, ikampa jirani kifaa cha kumnyang'anya kazi. Hakuona wa kumlaumu. Mwalimu wa hesabu alipoambiwa, alifikiri kidogo akasema kwamba kwenye vitabu jambo hilo lina jina, lakini amelisahau.

Viti vilibaki uchochoroni. Ilitangazwa kwamba kutakuwa na ukaguzi wa kushtukiza wakati wowote, na mtu aliyekana kitu mbele ya wizara hawezi kukiingiza ndani mchana, na usiku hakuna anayebeba kiti bila kuitwa mwizi. Mama Makochi aliviangalia kutoka dirishani. Mama Pasi aliviangalia kutoka kibarazani. Wateja wa pasi waliokuwa wakisubiri wamesimama sasa walisubiri wamekaa, na muuguzi wa zahanati alisema kibaraza kimekuwa cha kisasa. Mvua iliponyesha Mama Pasi alitoka mbio kuvifunika kwa turubai, kwa sababu hakuweza kuona kitambaa kizuri kinaharibika, awe nani mwenyewe. Binti alisomea kwenye kile cha mwisho, chenye doa la mchuzi la mwaka juzi, meza ya kioo mbele yake.

Asubuhi ya mtihani Mama Pasi aliwasha mkaa mapema. Hakuubania. Aliipasha pasi mpaka tone la mate likaruka, akapiga blauzi ya binti mbele, nyuma, mikono, kola, na nyuma tena. Binti aliivaa ikiwa bado na joto. Bibi alimtemea baraka kifuani, kidogo, isilowe, naye akaondoka bila kugeuka, kalamu mbili mkononi. Mama Pasi alimfuata kwa macho mpaka kona, na hata baada ya kona.

Alipogeuka, Mama Makochi alikuwa amesimama ng'ambo na shati jeupe la mumewe. Mgongoni palikuwa na alama ya pasi, ya rangi ya chai, kamili na ncha yake.

"Niliiacha juu yake nikapokea simu," Mama Makochi akasema. "Hii inatoka?"

Mama Pasi alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya ile alama. Ilikuwa imeingia hadi kwenye uzi.

"Haitoki. Lakini akivaa koti haionekani."

"Joto hili, koti?"

"Watu wanavaa sweta."

Mama Makochi alicheka kidogo, puani. Akabaki amesimama na shati lake, hajui aende au abaki. Mkaa ulikuwa bado mwekundu, na birika lilikuwa jikoni na maji nusu. Mama Pasi alikivuta kiti kimoja kutoka kwenye vile vinne, akakifuta kwa ncha ya kanga.

"Karibu kiti," akasema.

Mama Makochi alikitazama kiti, akautazama uchochoro juu na chini, hakuona mwenyekiti wala mtu wa miwani. Akashukuru, akakaa pembeni kabisa, magoti pamoja, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha watu.